Kabati la Mvule

Harufu ya spiriti ilinikuta jikoni nikimenya viazi, nikaacha kisu. Mwanangu amestaafu kazi ya benki, na kama wanaume wengi wa umri wake hapa mtaa wa Satellite, Nairobi, wasiojua kukaa bure, amejinunulia vifaa vya useremala na kugeuza veranda yangu kuwa karakana. Siku hiyo alikuwa akipaka polishi meza ndogo. Nilipotoka nilimkuta ameinama, vidole vinamnata, uso umemkunjamana.

"Mum, hii kitu inaacha mistari tu," akalalamika. "Kwa simu wanafanya ikae rahisi."

"Kitambaa chako kimelowa mno," nikamwambia. "Kikamue mpaka ukikigusisha kiganjani kiache ubaridi tu, si maji. Tia tone moja la mafuta kisishike. Na mkono usisimame katikati ya ubao. Ukisimama, spiriti inang'oa ulichokwisha kuweka."

Aliinua kichwa akanitazama. "Wewe ulijulia wapi hayo?"

Nilimwambia viazi vinaharibika, nikarudi ndani. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto Riruta na Dagoretti enzi zile za hali ya hatari, Wazungu walipokuwa wakiwasaka waliokula kiapo. Nyinyi mtaelewa bila kuniuliza mengi.

Baba yangu hakuwa seremala. Alikuwa tarishi katika ofisi moja ya Wazungu mjini, akivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama, akibeba bahasha kutoka jengo hadi jengo. Kazi hiyo aliifanya kwa miguu tu. Moyo wake ulikuwa nyuma ya nyumba yetu Riruta, chini ya kibanda cha mabati alikoweka meza yake ya kazi, misumeno miwili, randa, patasi na kinoo. Akirudi jioni alivua viatu, akala kiazi kimoja akiwa amesimama, akaingia kibandani. Jumamosi mchana na baada ya kanisa Jumapili hakutoka kabisa. Hakuuza kitu. Alitengeneza kigoda akampa jirani, akatengeneza mwiko, akatengeneza fremu ya dirisha ya nyumba ambayo hatukuwa nayo. Mama alisema ameolewa na mtu mwenye mke mkubwa, na mke mkubwa huyo ni ubao.

Mwenzake alikuwa Gitau, ambaye mimi nilimwita Baba Nyokabi kwa sababu bintiye Nyokabi ndiye aliyenifundisha kuruka kamba. Alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu kule Hurlingham. Yeye na baba walitahiriwa siku moja, kwenye mto mmoja, na waliitana "wakini", kama Wakikuyu wa rika moja wanavyoitana. Gitau alileta vitu ambavyo baba asingevipata: spiriti, shuka kuukuu za pamba za kupakia polishi, na vile vigamba vyembamba vya rangi ya asali ambavyo ukiviloweka katika spiriti usiku kucha vinageuka polishi. Gundi walichemsha wenyewe, kwa vipande vya ngozi na kwato kutoka kwa wachinjaji wa Dagoretti. Ilinuka hata mama akaapa kwamba siku moja ataimwaga. Gundi hiyo haikutakiwa kuchemka, ilitakiwa kupata moto tu, sufuria ndani ya sufuria yenye maji. Ikichemka inapoteza nguvu. Mpaka leo nikiona uji unaanza kutokota mkono wangu unakimbilia kupunguza moto.

Mimi nilikaa juu ya rundo la maranda nikisikiliza. Wanaume wengine waliongea siasa kwa kunong'ona; hawa wawili waliongea mbao kwa sauti. Baba alinishika mkono akaupitisha juu ya ubao, kwanza huku, kisha kule.

"Umesikia?"

"Huku inateleza. Huku inakwaruza."

"Basi ubao umekuambia randa iende wapi. Ukienda kinyume cha nyuzi, unaurarua. Usibishane na ubao, Wambui. Huwezi kuushinda, utauharibu tu."

"Na ubao usipokuambia?" Gitau akauliza, akicheka. "Kuna ubao nyuzi zake zinapinda katikati. Mwanzo unateleza, mbele unararuka. Huo utaujuaje?"

"Huo unanoa kisu cha randa mpaka kinyoe nywele za mkono, unapunguza kina, na unakwenda polepole," baba akajibu. "Hata huo una namna yake."

Mwaka huo walikuwa wakitengeneza kabati la mama. Mama alikuwa ameweka nguo zake katika sanduku la bati tangu aolewe, na chini ya sanduku hilo kutu ilikuwa imeanza kuacha alama kwenye kitambaa chake cha kanisani. Baba alipata mbao za mvule kutoka kwa duka moja la Mhindi mtaa wa Bazaar, ambaye alikuwa akibomoa kaunta ya zamani. Alizileta kwa mkokoteni, akitembea kando yake kama anayesindikiza mgonjwa. Alisema mbao zilizozeeka ndani ya nyumba ni bora kuliko za kiwandani, kwa sababu zimekwisha kufanya hila zake zote, hazitapinda tena. Kona za kabati hazikupigwa msumari hata mmoja. Walichonga meno kwenye ubao huu na matundu kwenye ule, yakaingiana kama vidole vya mtu anayesali.

Jumamosi moja walianza kupaka polishi. Walipaka mlango wa kushoto, mmoja anapaka, mwingine anasubiri ukauke, zamu kwa zamu, wakizungusha kitambaa kwa duara dogo dogo, kisha kwa umbo la nane. Mara ya kwanza haukuonyesha kitu. Baadaye ubao ukaanza kuamka. Rangi ikatoka ndani, kahawia yenye dhahabu, mpaka niliuona uso wangu humo. Jua liliposhuka vidole vyao vilikuwa vimepakwa rangi ya chai iliyokolea, na rangi ile, nyinyi mnaojaribu mjue, haitoki kwa sabuni. Inabaki kwenye kucha kwa siku nyingi.

"Wa kulia tuufanye kesho baada ya kanisa," baba akasema.

"Kesho," Gitau akaitikia. Alikuwa ameinama akikusanya vitambaa, na nakumbuka hakuinuka upesi.

Jumapili Gitau hakuja kanisani wala kibandani. Baba alisubiri, akanoa patasi ambazo zilikwisha kunolewa.

Jumatatu alfajiri wakaja. Mlango ulipigwa teke kabla hatujajibu hodi, na askari wakatutoa nje sote, jirani kwa jirani, mpaka uwanjani karibu na soko. "Nyinyi yote kaa chini! Mikono kwa kichwa!" Kulikuwa na umande na matako yangu yalilowa. Wanaume waliwekwa upande wao, wanawake na watoto upande wetu. Mbele palikuwa na meza, na nyuma ya meza, kwenye kiti, mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani mpaka kiunoni, na matundu mawili ya macho.

Mimi nilikuwa mdogo, sikujua maana ya mtu wa gunia. Niliona kitu cha kuchekesha, kama watoto wanapojifunika blanketi. Wanaume walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Kwa wengine hakufanya kitu, wakaambiwa nenda kule. Wengine aliwainamishia kichwa, wakapelekwa kwenye lori. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya magoti, nje ya gunia, na ncha za vidole vyake zilikuwa za rangi ya chai. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa na ufa katikati, mahali patasi ilipompiga, nikiwepo.

Moyo wangu ulifurahi. Nilijua sasa baba yuko salama, kwa kuwa anayeulizwa ni rafiki yake. Baba alipofika mbele ya meza, Mzungu aliyesimama kando yake akauliza neno, na gunia likainama likainuka. Ndiyo. Nilielewa hivi: wamemuuliza kama huyu ni mtu mwema, naye amesema ndiyo.

Nikamvuta mama kitenge. "Mama, usiogope. Ni Baba Nyokabi. Nimeona vidole. Amesema ndiyo."

Mama hakunigeukia. Kiganja chake kilikuja kikafunika mdomo wangu, na alikibana kwa nguvu hivi kwamba mdomo ulikatwa na meno yangu mwenyewe. Baba alikuwa anapanda lori. Alitutafuta kwa macho, hakutuona.

Tulipofika nyumbani mama alinisimamisha mbele yake. Alikuwa ametulia, na utulivu wake ulinitisha kuliko kilio. "Ulichokiona hukukiona," alisema. "Ukikisema, na mimi watanichukua, na wewe utabaki na kuku. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Ilinichukua muda mrefu, pengine mwaka mzima, kuelewa kwamba ndiyo ile haikuwa ndiyo niliyoidhani, ila ndiyo iliyompeleka baba kizuizini kama mtu wa kiapo.

Siwezi kuwasimulia miaka iliyofuata ambayo nanyi mliiishi. Tulihamishwa kutoka nyumbani tukapelekwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, vibanda vimebanana kama meno. Mama alipelekwa kila asubuhi kuchimba handaki hilo hilo lililotufungia. Tulipohama, hapakuwa na mwanamume wa kubeba kabati. Aliyekuja na mkokoteni alikuwa Gitau.

Alisimama mlangoni akiwa amevua kofia. "Mama Wambui, nimesikia mnahamishwa. Nimekuja kubeba kabati la wakini."

Mama alimtazama mikono. Rangi ilikwisha kutoka, lakini ufa wa ukucha ulikuwepo. "Asante, Baba Nyokabi," akasema.

Alilibeba vizuri. Alilifunga kwa magunia kwenye kona ili lisikwaruzwe, akaweka kipande cha gome chini ya mguu mmoja pale kijijini kwa sababu sakafu ya udongo ilikuwa imeinama, na kabati lisiposimama sawa milango haifungi. Tangu siku hiyo alikuja mara kwa mara na unga, na sukari kidogo ndani ya karatasi, kutoka jikoni kwa Mzungu wake. Alitusemea kwa chifu mama alipougua. Bila yeye sijui kama ningekuwa hapa kuandika. Mama alipokea kila kitu, akashukuru kwa kila kitu, na akishaondoka alikwenda nyuma ya kibanda akatapika. Sisemi kwa mfano. Alitapika.

Kabati lilikaa humo ndani, mlango wa kushoto uking'aa, wa kulia mkavu na mweupe wa vumbi. Mama hakuweka ndani yake hata nguo moja. Gitau aliwahi kusema, "Niumalizie huu mlango, Mama Wambui? Ubao usiopakwa unakunywa unyevu." Mama akajibu, "Mwenyewe atamalizia." Unyevu uliingia kweli. Mlango wa kulia ulivimba, ukaanza kugusa mwenzake.

Baba alirudi nikiwa nimekwisha kung'oka meno yote ya utoto. Nilimwona mzee anakuja kwenye njia ya handaki nikadhani ni babu wa mtu. Alikohoa alipoongea, na vidole vya mkono wa kulia havikujikunja tena. Viwili vilisimama wima hata alipokamata kikombe. Hakusema walimfanya nini na mama hakuuliza. Jioni ya kwanza alipitisha ule mkono juu ya mlango mkavu, huku na kule, na kwa mara ya kwanza niliona midomo yake inatabasamu.

"Umevimba tu. Haujaoza," akasema. "Gitau yuko wapi?"

Mama alikuwa anapakua ugali. Mwiko ulisimama hewani kidogo, ukaendelea.

Gitau alikuja kesho yake. Walipoonana walishikana mabega, na Gitau akalia hadi akakaa chini. Baba ndiye aliyembembeleza. "Nyamaza, wakini. Nimerudi, si nimerudi?" Gitau alizidi kulia, na baba alidhani ni furaha.

Kile alichofanya Gitau baadaye ndicho ninachoshindwa kukiweka mahali popote mpaka leo. Aliichukua randa ya baba, akang'oa mpini wa nyuma, akachonga mwingine kwa mti laini, mnene, wenye mabonde mawili ambayo vile vidole visivyojikunja vingelala. Aliujaribu mkononi mwa baba, akaurudisha, akapunguza, akaujaribu tena, wiki baada ya wiki, mpaka ulipokaa. Siku baba aliposukuma randa kwa mara ya kwanza na randa ikatoa utepe mrefu mwembamba unaopitisha mwanga, alicheka kwa sauti. Watu wa vibanda vya jirani walitoka kuangalia nani anacheka.

Walikwangua ule mlango uliovimba. Waliuacha kivulini ukauke pole pole, si juani, kwa sababu jua linakausha ngozi ya ubao na kuacha tumbo limelowa, ndipo unapasuka. Wakapiga msasa kwa mwelekeo wa nyuzi. Wakapaka. Baba hakuweza tena kuzungusha kitambaa, kwa hiyo Gitau alizungusha na baba akamwongoza: "Punguza. Usisimame. Sasa acha upumue." Rangi ya mlango wa kulia haikufanana kabisa na ya kushoto, ilikuwa na wekundu kidogo, lakini ulifunga. Vidole vya Gitau vikawa vya rangi ya chai tena. Mama alikuwa akipita na ndoo akigeuza uso.

Baba alipata nguvu. Alikula. Kikohozi kilipungua. Jumamosi na Jumapili walikuwa pamoja tena, kama zamani, na mama aliyaona hayo yote. Nadhani angenyamaza mpaka kaburini, na mimi pamoja naye, kama si harusi ya Nyokabi.

Tulikuwa tunakula, mchana, mlango wazi. Baba akasema, "Nimefikiri. Nyokabi anaolewa, na baba yake hana cha kumpa. Mtu huyu amewalisha nyinyi nikiwa sipo. Mkono huu ni yeye aliyenirudishia. Tumpe kabati. Wewe nitakutengenezea jingine, bora zaidi."

Mama aliweka sahani chini. "Kabati langu?"

"Nitakutengenezea—"

"Kabati langu, kwa yule?"

"Yule nani? Una nini?"

Na mama akamwambia. Hakupaza sauti. Alisema gunia, akasema meza, akasema vidole, akasema ukucha. Alisema kwa mpangilio, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo kila siku akichimba. Alipomaliza alinionyesha kwa kidevu. "Muulize huyu. Ndiye aliyeona."

Baba alinigeukia. Nilitazama sakafu. Hakuniuliza kama ni kweli. Alisukuma sahani yake kando, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Aliinamisha kichwa vipi, Wambui? Upesi? Au alisita kidogo?"

Nilitafuta kumbukumbu yangu yote. Nilitaka kumpa kile alichokiomba, lakini sikujua ni kipi. "Sikumbuki, Baba," nikasema. Na ni kweli, sikumbuki. Nimerudi uwanjani pale mara nyingi kuliko nilivyorudi kanisani, na kila mara gunia linainama na kuinuka, na sijui kama lilisita.

Baba alinawa mkono. Mama alianza kulia sasa, baada ya miaka yote hiyo. "Ningenyamaza," alisema. "Mungu wangu, ningenyamaza." Baba akamwambia hapana, amefanya vema. Alitoka akakaa ukutani, jua likimpiga usoni, mpaka likamwacha.

Jumamosi Gitau alikuja kama kawaida. Alikuwa amebeba begani ubao mzuri wa podo, mweupe, mnyoofu, bila jicho hata moja. "Hodi, wakini! Njoo uone nimepata nini!"

Mama aliniingiza ndani kwa nguvu. Alidhani patakuwa na damu. Mimi nilichungulia pembeni mwa pazia. Baba alitoka akasimama mbele ya rafiki yake, karibu, na kwa muda alitazama ile mikono iliyoshika ubao. 

"Gitau," akasema, "macho yangu yamekwisha. Siuoni mstari tena. Siwezi kazi ya mbao."

Gitau aliteremsha ubao. "Tangu lini? Juzi tu ulikuwa—"

"Tangu juzi."

"Nitakupeleka kwa daktari wa Mzungu wangu. Nitamwomba—"

"Hapana. Yamekwisha. Chukua vifaa vyangu vyote, randa pia. Mimi nitakuwa napumzika."

Walitazamana. Sijui kama Gitau alielewa. Nadhani alielewa, kwa maana hakuvichukua vifaa. Aliuegemeza ubao ukutani taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala, akaondoka. Hakuja tena. Nyokabi aliolewa na hatukwenda. Baba alirudi kuwa tarishi, ofisi nyingine, na jioni akirudi aliketi. Aliketi tu, mikono mapajani, miaka yote iliyobaki. Uhuru ulikuja ukamkuta ameketi. Kikohozi kilirudi. Hakugusa randa, hakugusa hata mguu wa kiti uliolegea. Tulimwita fundi wa kulipwa.

Na macho yake yalikuwa mazima. Alisoma gazeti bila miwani, hata maandishi madogo ya matangazo ya vifo, mpaka wiki aliyokufa.